Bahasha za kaki za babangu: tuzungumze kuhusu Brufen

mwana_wa_kuli

Assalam aleikum waungwana. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye mzazi nyumbani akae.

Babangu alikuwa kuli pale bandari ya Kilindini, Mombasa, zama za kupakua magunia kwa mgongo, kabla makontena hayajaja kuwamaliza. Kazi ilikwisha lakini magoti yalibaki na hesabu yake. Baraza ya nyumba yetu hapa Majengo ina ngazi tatu tu, na kila alfajiri akienda msikitini nawasikia yeye na goti lake kwa pamoja: goti lalia "kwa!", na yeye "Ya Latif". Ngazi tatu, Ya Latif tatu.

Dawa yake ni Brufen, ile ibuprofeni ya kutuliza maumivu. Hana cheti cha daktari, alielekezwa na kuli mwenzake. Huenda duka la dawa, huweka mkono juu ya kaunta, husema "nipe za magoti", hupewa bahasha ndogo ya kaki yenye tembe za waridi, juu imeandikwa kwa kalamu: 2x3. Jina la dawa halipo, nguvu yake haipo. Mbili mara tatu, basi. Bei ni kama ya mahamri mawili na kikombe cha chai. Amekwenda hivyo miaka.

Ramadhani iliyopita, siku ya kumi na saba, alirudi kutoka tarawehe akakaa barazani bila kupanda zile ngazi. Nikadhani goti. Midomo ilikuwa haina rangi. Akaingia chooni akakawia, halafu mamangu akaniita kwa ile sauti ya chini ambayo hukuitia jambo la haya: "Njoo utazame." Choo kilikuwa cheusi. Si cheusi cha kawaida, cheusi cha lami iliyomwagwa jana, kinanata, na harufu yake sitaieleza, watu wengine wanasoma huku wanakula. Mzee akasema, "Ni tende. Nimekula tende nyingi."

Tulimbeba kwa tuktuk. Hospitalini damu ilipimwa ikawa tano na kitu, mwanamume huwa na kumi na tatu kwenda juu. Akaongezwa painti tatu. Daktari mmoja, kijana mdogo kunishinda mimi, akamuuliza: "Mzee, unatumia dawa gani?"

"Hapana. Ya presha tu."

Nami nimesimama hapo hapo, nikakubali kwa kichwa! Nilisahau kabisa. Kwetu sisi Brufen haikuwa dawa, ilikuwa kama chumvi, kitu kilichomo ndani ya nyumba. Yule kijana akarudi mara ya pili: "Hata ya maumivu? Hata ya kununua?" Ndipo mamangu akasema, "Ana mkebe."

Mkebe ni wa biskuti, ule wa bati wa mviringo ambao kila nyumba ya Mombasa una nyuzi na sindano. Wa kwetu ulikuwa na bahasha za kaki. Nilizimwaga kitandani nikazihesabu: 34. Babangu hatupi bahasha, huzitumia kuwekea sarafu za sadaka. Nyingi zimeandikwa 2x3. Tisa zimeandikwa 1x2, na ndani ya mbili kati ya hizo palibaki tembe ndogo nyingine kabisa. Hizo zatoka duka la pili, karibu na Mwembe Tayari, ambako aliambiwa "hizi ni kali zaidi". Zilikuwa diklofenaki. Kwa hivyo mzee alikuwa akinywa ndugu wawili wa baba mmoja kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni, na hakuna mwenye duka aliyejua kuna duka jingine.

Na Ramadhani je, 2x3 huwaje? Hili ndilo lililomfanya daktari aweke kalamu chini. Mbili kwa futari, mbili baada ya tarawehe, mbili kwa daku. Tembe sita za miligramu 400 kati ya magharibi na alfajiri, na mchana kutwa bila tone la maji, na jua la Mombasa mnalijua. Hiyo ni miligramu 2,400 kwa saa kumi. Mtu anayejinunulia bila daktari mwisho wake ni 1,200 kwa siku nzima.

Walimpitisha mpira wenye kamera, wakakuta kidonda tumboni. Halafu vipimo vya figo vikarudi navyo vimepanda.

Mzee yuko hai, alhamdulillahi, yuko barazani sasa hivi ninapoandika. Nataka nijue wenzangu mnazitumiaje hizi tembe, na kama kuna mfamasia humu atueleze vizuri kushinda nilivyoelezwa usiku ule nikiwa sisikii neno.

Bi_Kidosho

Pole sana kwa mzee, Mungu amzidishie afya. Ila usiiite sumu mbele yangu, tutakosana. Mimi tangu nikiwa darasa la nane, siku zangu zikifika nilikuwa nalala sakafuni kwa sababu sakafu ni baridi, natapika, nakosa shule siku mbili. Bibi ananichemshia tangawizi, Panadol nakunywa, wapi! Nesi mmoja ndiye aliyenipa Brufen. Nusu saa nikakaa kitako. Nilimaliza sekondari kwa sababu ya ile tembe, na sitanii.

mwana_wa_kuli

Dada, sijaiita sumu. Hata mimi jino liliponitoa machozi Desemba niliinywa.

mfamasia_wa_zamu

Waaleikum salaam. Nipo dukani zamu ya usiku, wateja wachache, wacha niandike.

Nianze na dada Kidosho kwa sababu yuko sahihi, na sababu yake ndiyo inayoeleza pia kilichompata mzee. Mwili hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Mahali penye jeraha au uvimbe ndivyo vinavyopiga kelele "hapa pauma". Siku za hedhi huzaliwa kwa wingi ndani ya mji wa uzazi na kuukamua kama nguo. Brufen huzuia mwili usivitengeneze, kwa hivyo kwa maumivu ya hedhi haifichi tu, inakwenda kwenye chanzo. Ndiyo maana Panadol ilishindwa na yenyewe ikaweza. Jino, kifundo kilichoteguka, mgongo ulioshtuka baada ya kubeba godoro, kote huko ni dawa nzuri mno. Mkitaka kufaidika zaidi, inyweni mapema maumivu yanapoanza, siku mbili tatu, halafu muache.

Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo zina kazi nyingine za halali. Tumboni ndizo zinazolinda ngozi ya ndani isichomwe na asidi. Kwenye figo ndizo zinazofungua mishipa damu ipite, hasa mtu akikosa maji. Sasa bafu lako linavuja, wewe unakwenda kufunga koki kuu ya barabarani. Bafu litanyamaza, ndiyo. Jikoni nako je?

Aliyegundua kwamba aspirini hufanya kazi kwa njia hiyo ni Mwingereza, John Vane, mwaka 1971, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Brufen yenyewe ni ya Mwingereza mwingine, Stewart Adams, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya Boots huko Nottingham. Alikuwa akitafuta dawa ya baridi yabisi ambayo haitaumiza tumbo kama aspirini. Bwana huyo aliijaribu kwa kichwa chake mwenyewe: alikuwa na hotuba asubuhi na jana yake alikunywa pombe nyingi, akameza miligramu 600. Ikawa. Huko Uingereza dawa hiyo iliingia sokoni mwaka 1969 kwa cheti cha daktari tu, na mpaka 1983 ndipo ikaruhusiwa kununuliwa bila cheti. Miaka kumi na minne wakiitazama kwanza. Na ni kweli, kwa dozi ndogo ni laini kwa tumbo kushinda aspirini. Laini kushinda si sawa na laini.

likoni_ngambo

Lakini sisi tumeambiwa ukila kwanza haina shida. Yule mzee alikuwa akifuturu, tumbo limejaa. Sasa imekuwaje?

mfamasia_wa_zamu

Swali zuri hilo. Chakula husaidia kichefuchefu na ule moto wa kifuani. Lakini kidonda hakiletwi na tembe kugusa ukuta wa tumbo peke yake. Dawa ikishaingia kwenye damu huzunguka ikarudi tumboni kwa mlango wa nyuma na kuondoa ule ulinzi. Kwa hivyo hata wale wanaodungwa sindano ya diklofenaki kila mwezi wakisema "mimi sinywi, nachoma, tumbo langu halijui", tumbo lajua.

Mtu mzee akilazimika kuitumia, daktari humwongezea omeprazoli kuukinga ukuta. Hupunguza hatari, haiifuti.

tuktuk_namba8

Mimi si wa Brufen. Mimi kila siku asubuhi stejini namalizana na zile za kichwa za dukani, za paketi ya mbili mbili, si za famasi, duka la unga na sukari. Bila hizo kichwa hakifunguki. Miaka miwili sasa. Hizo nazo zina neno?

mfamasia_wa_zamu

Kaka, geuza paketi usome nyuma. Nyingi za namna hiyo ni mchanganyiko, utakuta aspirini na parasetamoli na kafeini ndani ya tembe moja. Kafeini ndiyo inayokupa ile "kufunguka". Na mtu akinywa mchanganyiko kama huo siku kumi au zaidi kila mwezi, kwa miezi, kichwa chenyewe huanza kuuma kwa sababu ya dawa. Unaamka kinauma kwa kuwa ya jana imekwisha mwilini, unameza, kinatulia, kesho tena. Kwa Panadol au Brufen tupu huhesabiwa siku kumi na tano kwa mwezi. Wewe umesema kila siku.

tuktuk_namba8

Sasa niache vipi na nina wateja wa saa kumi na moja alfajiri?

mfamasia_wa_zamu

Wiki ya kwanza itakuwa mbaya, sikufichi. Kichwa kitauma kushinda sasa kabla ya kupungua. Pima presha kwanza, mwone daktari akupangie, halafu chagua wiki ambayo unaweza kumpa mwenzako chombo. Na kunywa maji. Nawajua nyinyi, mnakaa kiu ili msitafute choo.

tuktuk_namba8

😂 Umejuaje.

Mwarobaini40

Nyinyi endeleeni kula kemikali za wazungu. Babu zetu walikuwa na mwarobaini, habasoda, tangawizi. Hamkusikia mtu ametapika damu.

Bi_Kidosho

Mwarobaini yuaja kila uzi kama mbu wa Kisauni 😂. Ami, nimekwisha kusema bibi alinichemshia tangawizi, mimi nipo sakafuni.

mfamasia_wa_zamu

Kaka Mwarobaini, aspirini ina nasaba na gome la mti wa Ulaya ambalo watu walilitafuna kwa maelfu ya miaka. Wajerumani wa kampuni ya Bayer waliitengeneza ikiwa safi mwaka 1897 na kuiuza miaka miwili baadaye. Kwa hivyo hata hiyo ya "wazungu" ina mti ndani yake, na bado hutoboa tumbo. Mti si dhamana. Na babu zetu walitapika damu, ila iliitwa kurogwa.

mwana_wa_kuli

Hilo la mwisho limenigusa. Babu mzaa baba alikufa "kwa jicho", choo cheusi.

Turudi kwenye figo kidogo. Daktari aliniambia kitu kuhusu dawa za presha na Brufen kuwa haziwezi kukaa pamoja, mimi nikawa nimeshika tu lile neno kreatinini, kile kipimo cha figo. Mzee yuko kwenye losartani na ile tembe ya kukojoza.

mfamasia_wa_zamu

Hapo ndipo pa kuweka msumari, kwa sababu Mombasa nzima ya wazee iko kwenye dawa hizo mbili.

Figo ina mlango wa kuingilia damu na mlango wa kutokea. Brufen huubana wa kuingilia. Losartani au enalaprili huulegeza wa kutokea, ndivyo zinavyofanya kazi yake nzuri. Tembe ya kukojoza hupunguza maji mwilini. Kila moja peke yake figo yaweza kuistahimili. Zote tatu kwa pamoja, damu haiingii kwa nguvu na iliyoingia inatoka upesi, figo inabaki bila msukumo wa kuchujia. Ongeza saumu ya saa kumi na tatu Machi, jasho, labda na kuhara kidogo baada ya viazi karai. Figo za mzee zilikuwa kama pampu inayovuta hewa.

Tena kuna la pili: Brufen na ndugu zake hupandisha presha. Nina wateja wanaongezewa dawa za presha mwaka hadi mwaka, na hakuna anayewauliza kuhusu magoti.

Na kwa wale wanaokunywa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo: Brufen hukaa kwenye kiti ambacho aspirini ilitaka kukikalia, na ile kinga ya moyo inapotea. Kama imebidi siku moja moja, kunywa aspirini kwanza, subiri nusu saa, ndipo Brufen. Au Brufen iwe imetangulia kwa saa nane. Kwa kila siku, zungumza na daktari wako.

likoni_ngambo

Na hiyo diklofenaki? Maana huku kwetu kila ukienda zahanati, hata ukienda na kikohozi, watoka na diklo.

mfamasia_wa_zamu

Sitawatetea wenzangu. Diklofenaki ina nguvu, na kwa jiwe la figo au maumivu baada ya upasuaji naiheshimu. Lakini kwa moyo ni mbaya kushinda Brufen ya dozi ndogo. Uingereza iliziondoa tembe zake kwenye mauzo ya bila cheti mwaka 2015 kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo hafai kuigusa. Ila nami nauza, na mteja akija saa nne usiku anashika mgongo akaniambia "nipe diklo", nikimkatalia atavuka barabara.

Ninachofanya ni kuuliza maswali manne. Presha? Vidonda? Pumu? Mimba? Wengine hukasirika wakaniambia "wewe ni daktari?"

baba_mtarajiwa

Umetaja mimba. Mke wangu ana miezi saba, mgongo unamuua. Jana nilimpa Brufen moja. Nimefanya nini?

mfamasia_wa_zamu

Usimpe tena. Kuanzia wiki ya ishirini inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi, na kuanzia miezi saba hivi huweza kuufunga mapema mshipa mmoja karibu na moyo wa mtoto, ambao hufungwa akishazaliwa. Tembe moja ya jana isikunyime usingizi, lakini mwambie nesi kliniki kesho, asione haya. Kwa sasa ni parasetamoli, kwa kiasi, na mto kati ya magoti akilala ubavu.

baba_mtarajiwa

Shukran. Naenda naye asubuhi.

Kisauni_Dengi

Mimi niongeze moja ambayo haijasemwa na kwa mji huu ni kubwa. Homa. Mwaka 2017 nilishikwa na ile homa ya kuvunja mifupa, macho yanauma ukiyazungusha. Nikadhani malaria, nikapimwa hakuna. Nikajinunulia Brufen kwa sababu viungo viliuma kama nimepigwa. Siku ya nne fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki, na mikono ikawa na vidoti vyekundu kama nimetobolewa kwa sindano. Kumbe dengi.

mfamasia_wa_zamu

Ahsante, nilikuwa nakuja huko.

Dengi, ambayo kwa Kiswahili kikongwe ni kidingapopo, imekuwa mgeni wetu wa mara kwa mara: 2013, 2017, 2021. Katikati hapo mwishoni mwa 2017 kuelekea 2018 tukapata na chikungunya, watu wakitembea wameinama kama wanatafuta sindano. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji safi yaliyowekwa, na sisi Mombasa mfereji ukitoa maji mara mbili kwa wiki ni bahati, kwa hivyo kila ua una dramu na mitungi. Tumewajengea mbu nyumba.

Dengi hushusha zile chembe za kugandisha damu. Brufen, aspirini, diklofenaki nazo huzuia chembe hizo zisishikane. Ukiziweka pamoja umemfungulia mgonjwa mlango wa kuvuja damu. Kwa hivyo homa yoyote ya ghafla hapa mjini yenye maumivu ya viungo, kabla hujajua ni nini: parasetamoli tu, maji kwa wingi, na ukapimwe. Hata kama utakuja kujua ni chikungunya, ambayo baadaye Brufen huisaidia, siku zile za mwanzo usibahatishe.

Na aspirini msimpe mtoto mwenye homa. Chini ya miaka kumi na sita isiguswe, kuna ugonjwa adimu wa ini na ubongo unaoambatana nayo.

Mama_Zuu_Bamburi

Basi nimesoma mpaka hapa nikasema tumepona, Panadol ndiyo salama. Mimi hunywa mbili kila baada ya saa tatu mafua yakinibana, na juu yake ile ya unga ya kukoroga kwa maji moto.

mfamasia_wa_zamu

Mama Zuu, simama hapo hapo!

Ile ya unga, aina nyingi zina parasetamoli ndani yake. Tembe zako nazo ni parasetamoli. Mtu mzima mwisho wake ni gramu nne kwa saa 24, yaani tembe nane za miligramu 500, na kati ya dozi na dozi si chini ya saa nne. Mbili kila saa tatu ni tembe kumi na sita. Hujafikisha siku nzima, naamini, ungekuwa huandiki hapa.

Panadol haigusi tumbo, haigusi figo kwa namna ile, yafaa kwa wajawazito, yafaa kwa dengi. Deni lake liko kwenye ini. Ini huivunja, na katika kuivunja hutoka takataka moja ya sumu ambayo ini lina kitu cha kuizima. Ukizidisha, kile kitu kinakwisha, na sumu inaanza kuchoma ini lenyewe. Kwa mnywaji wa mnazi wa kila siku au mtu aliyekaa bila kula, kinakwisha upesi zaidi.

Na ubaya wake ni unyamavu. Aliyezidisha leo, leo hana kitu, labda kichefuchefu. Kesho anaweza kujisikia afadhali kabisa, watu wakamrudisha nyumbani. Ndiyo siku macho yanajiandaa kuwa ya manjano. Dawa ya kuzima ipo, N-asetilsisteini, na ikitolewa ndani ya saa nane tangu ameze huokoa karibu kila mtu. Kwa hivyo mtu akizidisha, mnakwenda hospitali saa ile ile na paketi mkononi. Hamngojei dalili.

Mama_Zuu_Bamburi

Subhanallah. Nilikuwa nampa hata Zuu ile ya maji kwa kijiko cha chai cha jikoni.

mfamasia_wa_zamu

Kijiko cha jikoni kila nyumba na saizi yake. Tumia kile kilichokuja na chupa au omba bomba dogo la sindano lisilo na ncha, hatuuzi ghali. Na dozi ya mtoto huenda kwa uzito wake, si kwa jinsi anavyolia.

likoni_ngambo

Sasa swali la mwisho la watu wa magoti. Brufen hapana, diklo hapana, Panadol mnasema kidogo kidogo. Mzee afanye nini, alie Ya Latif?

mwana_wa_kuli

Hili naweza kulijibu mimi, kwa sababu ndilo tunaloishi nalo.

Kwanza Panadol kwa goti la kuli ni kama kupuliza jua. Mzee ameijaribu kwa dozi sahihi, anasema anaiheshimu lakini hawajuani. Kinachomsaidia ni jeli ya diklofenaki ya kupaka. Niliogopa jina, daktari akasema inayopenya kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na tembe, na goti liko karibu na ngozi. Hupaka baada ya magharibi, mamangu anasema nyumba inanuka duka la dawa.

La pili ni mazoezi. Daktari wa viungo alimwonyesha kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mpaka uwe sawa, kushikilia kwa kuhesabu kumi, kushusha. Kumi kila mguu, mara tatu kwa siku. Alicheka. "Nimebeba magunia ya kilo tisini miaka ishirini na sita, leo nafundishwa kuinua mguu wangu mwenyewe." Lakini baada ya wiki sita ule mlio umepungua. Haujaisha. Umepungua.

La tatu bakora, na hapa tuko vitani. Goti bovu zaidi ni la kulia, kwa hivyo bakora ishikwe mkono wa kushoto. Yeye anasema bakora ni ya mkono wa kulia kwa adabu, na kwa vyovyote yeye si mzee. Ana miaka sabini na tatu. Bakora imening'inia nyuma ya mlango na kofia juu yake.

Saumu daktari alimzuia iliyobaki. Alilia kwa hilo, hakulia kwa kidonda. Tulitoa fidia, kibaba kwa kila siku. Kuhusu Ramadhani ijayo ataamua na daktari wake na imamu wetu, mimi sitii neno.

Bi_Kidosho

Mpe salamu. Mwambie bakora yaongeza heshima, hata vijana wazipenda kwenye harusi.

mwana_wa_kuli

Nimemsomea. Amesema: "Huyo binti ana akili. Ameolewa?"

Bi_Kidosho

😂😂 Ameolewa, mwambie, na watoto watatu.

tuktuk_namba8

Nimesoma nyuma ya paketi. Aspirini, parasetamoli, kafeini. Wallahi miaka miwili sijawahi kuigeuza.

mjukuu_wa_bi

Samahani kwa kuingia usiku. Nimesoma uzi wote nikaenda kwa nyanya yangu hapa Tudor, nikafungua mtoto wa meza. Bahasha 11. Nane zina majina, moja ya presha, moja ya sukari, nyingine za zamani. Tatu hazina jina. Moja imeandikwa 2x3, moja 1x1 usiku, na moja haina dozi, ina namba ya simu ya fundi wa dari. Hiyo ya 2x3 ni tembe za waridi, ameninyang'anya, anasema ni "za kuchangamsha mwili" na leo ameshakunywa nne. Anasema tumbo linamchoma tangu Jumatatu. Niko naye hapa.

mfamasia_wa_zamu

Muulize rangi ya choo. Muulize sasa hivi.

mjukuu_wa_bi

Amenitukana kwanza. Anasema cha kawaida, kahawia. Nimemwangalia macho na kucha, rangi ipo. Hatapiki.

mfamasia_wa_zamu

Alhamdulillahi. Hizo za waridi asiongeze hata moja. Zote tatu zitie kwenye mfuko mmoja, za presha na sukari aendelee nazo kama kawaida. Asubuhi mpeleke kituo cha afya na huo mfuko, waambie umri wake, dawa anazotumia, na kwamba tumbo linachoma. Choo kikigeuka cheusi, au akitapika kitu kama mashapo ya kahawa, au akisimama kizunguzungu kikamwangusha, usingoje asubuhi.

mjukuu_wa_bi

Sawa. Nalala hapa kwake leo. Amekubali kunipa bahasha, ila ile ya fundi wa dari amesema nimwachie, ana kazi naye.